Silinda ya Tatu

Kambale alilitambua lile gari kwa sauti kabla hajaliona. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, ameinamia pikipiki ya mteja, mara akasikia kutoka barabarani motere inayochechemea: mapigo mawili, pigo la tatu limepotea, kisha moja tena kwa nguvu, kama mtu mwenye jipu unyayoni. Ufunguo ukamtoka mkononi. Miezi minne alikuwa akiomba sauti ile isirudi kwake, na sasa ilikuwa inakata kona ya Rwambuzi kuja moja kwa moja kwenye garaji yake.

Hiace nyeupe ya Mama Honorine ikaingia uani, ikatetemeka, ikazimika yenyewe kabla haijasimama vizuri.

Mama Honorine hakuwa mtu wa kungoja afunguliwe mlango. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kidogo, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Gari lile aliliendesha mwenyewe kila siku kati ya Bunia na Bogoro, akibeba abiria, maharagwe, mihogo na mbuzi. Njia nzima ilimjua.

"Fundi," akasema bila hata salamu, "leo imezimika mara tatu. Ya mwisho, ni mbele ya bariere ya waasikari. Mumoja ananiambia nipunguze. Mi napunguza, na gari inazimika palepale kati ya njia. Wakafikiri niko nawachezea. Walinielekezea bunduki, Kambale! Na nyuma niko na mama wa mimba, analia kama mutoto."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Weye haukukosa kitu. Ni ule muzee yako, kipofu ule, yeye njo aliniharibia motere. Fungua yote. Tafuta makosa yake yote, utoe."

Kambale akaokota ufunguo, akaupangusa kwa kitambaa ingawa haukuwa mchafu. "Uniachie gari," akasema. "Urudi saa tisa."

Mama Honorine alipoondoka, Kambale hakuligusa gari kwa muda mrefu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake akiliangalia, na kila alichokuwa amekisukuma nyuma ya kichwa miezi ile minne kikaja mbele kikakaa naye.

Mzee aliyetajwa ni Papa Mbuyi. Alikuwa mtu wa Kasai, aliyekuja Ituri ujanani akifuata dhahabu kama wengine wengi, akaona machimboni pampu zinakufa kila siku na hakuna wa kuzifufua, akatupa sululu akashika funguo. Baadaye akaoa Bogoro. Mke alikufa, yeye akabaki. Kambale, ambaye wazazi wake walihamia Bunia kutoka Butembo, ndiye aliyekuwa na kiwanja na vyombo; Mbuyi alikuwa na mikono. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na miwili. Kilasi, kile kichwa kizito cha motere ambamo supape, yaani vali, hupanda na kushuka, Mbuyi alikuwa akikisugua kwa mkono siku nzima, kisha akakigeuza, akamimina petroli juu ya supape, akaenda kunywa chai bila haraka. Akirudi akakuta hata tone moja limepita, alianza upya. Mafundi wa Bunia walikuwa wakimletea kilasi zao kwa magoti.

Kisha jicho lake la kushoto likaanza kuingia ukungu. Hakumwambia mtu, isipokuwa Kambale. Alimwita nyuma ya banda, akasema, "Kambale, kwa hii jicho naona kama mu moshi. Lakini vidole iko inasikia vile inasikiaka. Usiambie mutu. Batu wakisikia, watanizika niko muzima." Kambale akamwekea mkono begani, akaapa.

Haikupita hata wiki tatu. Hiace ya Mama Honorine ilikuwa imefika ikifuka moshi wa bluu, wakaifungua motere yote na kuijenga upya. Mbuyi alishughulika na ndani: pistoni na segima, zile pete zake, supape, kilasi. Kambale alibaki na ya nje, na kazi ya mwisho ilikuwa kufunga bomba la hewa, lile lenye matawi manne linalopeleka hewa na petroli kwenye silinda nne. Kati ya bomba na kilasi huwekwa karatasi ngumu ya kuzibia, ambayo mafundi huiita joint. Ile mpya waliyoletewa haikuwa saizi yake. Ilibidi kungoja nyingine hadi kesho. Lakini gari lilikuwa limeahidiwa jioni ile, na mchana ule familia ya Kambale ilikuwa inakwenda kutoa mahari ya mdogo wake, na yeye ndiye msemaji. Mbuyi alikuwa ameshakwenda nyumbani. Kambale akaichukua joint ya zamani, akaipaka gundi nyekundu ya tyubu, ile ambayo Mbuyi aliiita dawa ya wavivu, akakaza bolti, akajisemea, "Nitaibadilisha kesho kutwa." Akanawa, akavaa shati, akaenda.

Siku mbili baadaye Mama Honorine alirudi na gari linatetemeka. Likikimbia, linakimbia vizuri. Likisimama na mguu ukatoka kwenye mafuta, motere ikabaki kwenye ralanti, mwendo wake wa chini, linatikisika hadi vioo vinalia. Siku hiyo uani kulijaa watu. Lionel, mchomeleaji wa jirani, alikuwepo, pamoja na madereva saba au wanane. Mama Honorine alipiga kelele mbele yao wote: motere mpya, kazi ya wiki mbili, na inatetemeka kuliko ile ya zamani! Nani amefanya kazi hii?

Hapo Kambale alikumbuka gundi nyekundu, kama mtu aliye safarini anavyokumbuka sigiri aliyoiacha inawaka chini ya kitanda. Aliikumbuka kabisa, na rangi yake. Na kinywa chake kikafunguka kikasema:

"Supape ni kazi ya Papa Mbuyi. Jicho yake ya kushoto iko na ukungu. Haone tena muzuri."

Mbuyi alikuwa hatua tano tu, ameshika kitambaa. Alimtazama Kambale, akamtazama Mama Honorine, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akiigeuza juu na chini. Akaenda kuinawa kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye viwiko, akachukua koti lake, akatoka. Jumatatu hakuja. Kambale akazungusha bisi, ile skrubu ya ralanti, motere ikaongeza mbio kidogo, mtetemeko ukajificha, na Mama Honorine akaenda zake. Baada ya wiki mji mzima ulikuwa unasema habari za "yule fundi kipofu". Hakuna garaji iliyompokea. Kambale alisikia kwamba amekwenda Bogoro kukaa kwa binti yake, Clémence. Alijiambia atakwenda kumwona. Wiki ya kwanza ilikuwa mvua. Ya pili njia haikuwa salama. Baada ya hapo hakutafuta tena sababu, alikaa tu.

Sasa akainuka. Akaingia ndani ya Hiace, akainua kiti cha mbele, maana motere ya gari lile hukaa chini ya kiti, akaiwasha.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwenye bomba la hewa. Alijua. Hata hivyo hakwenda. Kulikuwa na kitu ndani yake, na alikionea aibu hata alipokuwa akikitii, kilichotamani kukuta kosa mahali pengine. Supape moja tu iliyoungua. Moja tu, na usiku angelala.

Alichomoa waya za buji, zile plagi za kuwashia, moja moja huku motere inazunguka. Ya kwanza: motere ikalegea, kumbe silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Akarudisha. Ya pili: ikalegea. Ya tatu: hakuna kilichobadilika. Motere iliendelea kuchechemea vilevile, kama mtu uliyempokonya mzigo ambao hakuwa ameubeba. Ya nne: ikalegea. Ilikuwa silinda ya tatu, basi. Akahamisha buji ya tatu akaiweka ya kwanza. Ugonjwa ukabaki kwenye tatu. Akabadilisha waya. Ukabaki kwenye tatu.

Akazima, akatoa buji zote, akaleta kipimo cha kompresioni, nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Hapa ndipo kazi ya Mbuyi ingesema yenyewe. Kama supape hazikukaa vizuri, kama segima zilivunjika, sindano ya kipimo ingelala chini. Silinda ya kwanza, onze, yaani kumi na moja. Ya pili, onze. Kambale akafunga kipimo kwenye ya tatu, akazungusha motere, akaangalia. Onze na nusu. Akarudia, kwa kuwa hakutaka kuamini. Onze na nusu. Ya nne, onze. Silinda iliyokuwa inalaumiwa ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote.

Akafungua mfuniko wa juu, akapima nafasi za supape kwa vile vibati vyembamba vya kupimia. Nane zote zilikuwa sawa. Baada ya miezi minne ya mashimo ya njia ya Bogoro, hakuna hata moja iliyohama. Mzee mwenye ukungu jichoni alizipanga vile, na zilikuwa zimekaa vile.

Kambale aliketi sakafuni mwa gari.

Akafunga kila kitu, akawasha tena. Akachota grisi nzito kwa kidole, akaipaka pale bomba la hewa linapokutana na kilasi, akianzia tawi la kwanza. Hakuna kitu. Tawi la pili, hakuna. Alipofika chini ya tawi la tatu, alisikia kidole kikivutwa, hewa inanyonya ngozi yake. Akabonyeza grisi pale, na motere ikatulia. Ikawa inanguruma sawasawa, mapigo manne kwa manne, hata vioo vya madirisha havikulia. Kisha grisi ikanyonywa ndani, na kuchechemea kukarudi.

Alitoa bomba. Joint ilikuwa imepasuka kwenye tundu la tatu, na pembeni mwa mpasuko gundi nyekundu ilikuwa imekauka ikiwa na alama ya kidole gumba. Hakuhitaji kuuliza ni cha nani.

Alikata joint mpya, akasugua uso wa bomba mpaka ukalala sawa juu ya kioo, akafunga bolti kwa mpangilio, kutoka katikati kwenda nje. Saa tisa Mama Honorine alipofika, motere ilikuwa kimya kiasi kwamba alishika usukani kuhakikisha imewaka.

"Eh! Fundi! Kumbe ile muzee aliharibu vile?"

Kambale alifungua kinywa. Neno lilikuwepo, alilisikia limefika mpaka kwenye meno.

"Imepona, mama," akasema.

Mama Honorine akaondoka akipiga honi. Kambale alibaki uani amesimama, na alijichukia kuliko siku ile ya kwanza, maana siku ile kinywa kilimponyoka. Leo alikuwa amepata siku nzima ya kufikiri.

Jumamosi alipanda pikipiki ya abiria akaenda Bogoro. Alipokaribia aliwakuta akina mama wengi njiani, mihogo mikavu kichwani, wakitoka kijijini badala ya kuingia. Akamwuliza dereva, "Wanapeleka wapi?" Dereva akasema, "Kusaga. Mashine ya hapa ilikufa."

Kwa Clémence alioneshwa bila shida. Clémence alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho ya baba yake. Alimletea kiti, akakiweka mbali, hakumsalimia.

"Papa iko nyuma," akasema. "Anachambua maharagwe. Njo kazi anafanyaka sasa. Chef, mukubwa wa kijiji, alikuja kumuomba atengeneze mashine ya kusaga, wamama walimulilia hapa uani, mu lupango. Alikatala. Anasema ataiua kabisa, mikono yake ilikufa. Weye njo ulimwambia vile, si ndiyo?"

Mbuyi akatokea nyuma ya nyumba na ungo mkononi. Alikuwa amekonda. Alimtambua Kambale, akasimama kidogo, kisha akaja akakaa kwenye benchi, ungo magotini.

"Karibu," akasema. "Kazi iko namna gani?"

"Muzee," Kambale akasema, "ile Hiace ya Mama Honorine ilirudi. Niliifungua."

Mikono ya Mbuyi ikasimama juu ya maharagwe. "Niliharibu nini?"

Swali lile lilimwingia Kambale kuliko tusi lolote. Alikuwa amejitayarisha kwa hasira. Alidhani labda mzee anajua, kwamba miezi yote alikaa huku akimlaani. Kumbe alikuwa ameamini.

"Hapana weye," akasema. "Ni miye. Joint ya bomba ya hewa. Niliweka ya zamani na ile dawa nyekundu, siku ya mahari. Ilipasuka ku silinda ya tatu."

Mbuyi akausogeza ungo magotini. Kisha akauliza, kwa sauti ya fundi, "Ulipima kompresioni?"

"Nilipima."

"Ngapi?"

"Onze. Onze. Onze na nusu. Onze."

"Ya tatu?"

"Njo ile ya onze na nusu."

"Na nafasi ya supape?"

"Vile uliacha. Zote nane."

Mzee akavuta pumzi, ndefu. Clémence alikuwa amesimama mlangoni, amejishika mdomo.

"Weye ulijua siku gani?" Mbuyi akauliza.

Kambale angeweza kusema Alhamisi. Ilikuwa karibu na kweli, na hakuna mtu duniani angeweza kumkanusha. Alitazama chini.

"Siku ileile, muzee. Mbele ya kufungua kinywa, nilikuwa nimekwisha kujua."

Ungo ukaanguka. Maharagwe yakatawanyika mpaka miguuni mwa Kambale, na kuku wakaja mbio. Mbuyi alikuwa amesimama.

"Miezi ine!" akasema. "Miezi ine, asubui nikiamuka, nafunika hii jicho, naangalia mukono. Nafunika ingine, naangalia mukono. Kila siku naifungua ile motere mu kichwa, supape moja moja, natafuta fasi niliharibu. Sikuiona. Nikasema, kumbe hata akili imekwisha. Wamama wanatembea saa mbili juu ya unga, na miye nakaa hapa nachambua maharagwe, juu nilikuamini weye!"

"Nisamehe, muzee. Rudi ku garaji. Tutafanya kazi kama zamani."

"Ile maneno ulisemea wapi?"

"Ku garaji."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya batu."

"Na musamaha unaniomba wapi? Hapa, mu lupango ya mutoto yangu, tuko batu watatu na kuku." Mbuyi akainama, akaanza kuokota maharagwe, Kambale akainama amsaidie, mzee akamzuia kwa mkono. "Acha. Kwenda."

Jumatatu asubuhi, kabla magari hayajaondoka, Kambale alikwenda kwenye parking ya magari ya Bogoro. Madereva walikuwa wanapakia. Mama Honorine alikuwa juu ya gari anafunga magunia. Kambale alipanda juu ya kreti tupu ya bia, kwani alijua akisema chini atasema polepole.

"Munisikilize," akasema. "Ile Hiace haikuharibiwa na Papa Mbuyi. Niliharibu miye. Niliweka joint mbovu, nilijua, na nikamutupia muzee. Kazi yake yote iko sawa mpaka leo. Na habari ya jicho yake, alinipa siri, miye nikaiuza."

Dereva mmoja, Yannick, akacheka kwa nguvu. "Kumbe kipofu njo weye!" Wengine wakacheka naye. Mama Honorine hakucheka. Alishuka kutoka juu ya gari, kamba bado mkononi, akaja mpaka mbele ya kreti.

"Alkamisi nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kabisa."

"Ndiyo, mama."

"Bunduki ilikuwa hapa." Akajigusa kifuani. "Hiyo nitakusamehe siku ingine, ama sitakusamehe, sijue. Lakini jina ya ule muzee niliitembeza miye mwenyewe. Kila parking. Kila soko. Ile maneno nitairudisha namna gani mu kinywa?"

Hakungoja jibu. Akapanda, akawasha gari, akaondoka na nusu ya abiria.

Wateja walipungua. Wengine walisema wazi kwamba hawawezi kuacha motere kwa mtu kama yule. Wengine waliacha tu kuja. Lionel aliendelea kumsalimu, ila kwa kifupi. Kambale alifungua garaji kila asubuhi kama kawaida. Kila kilasi aliyoletewa aliisugua mwenyewe, akamimina petroli, akangoja, na mara nyingi tone lilipita, akaanza upya. Ndipo alipojua kazi ile ilikuwa inakula mwili kiasi gani.

Siku moja mwishoni mwa msimu wa mvua, Hiace nyeupe ikasimama mbele ya garaji. Mama Honorine hakuzima motere wala hakushuka. Nyuma, kati ya abiria, kulikuwa na magunia meupe.

"Ni unga," akasema, alipomwona anaangalia. "Ya Bogoro. Mashine inasaga tangu wiki mbili."

Kambale akashika ukingo wa dirisha. "Ni yeye alitengeneza?"

"Unafikiri nani? Alikaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza aliigusa tu, anaondoka, anarudi." Akatazama mbele, barabarani. "Alinituma. Anasema kama uko na kilasi ya kusugua, unipatie, nitamupelekea, nitakurudishia. Lakini weye mwenyewe usikuje."

"Alisema nisikuje bado?"

Mama Honorine akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayeogopa tena kubeba neno lisilo la kweli.

"Hapana," akasema. "Mi sikusikia 'bado'."

Kambale aliingia ndani. Kulikuwa na kilasi moja juu ya meza, ile iliyomshinda tangu Jumanne. Akaifunga kwa gunia safi, akaibeba kifuani, nzito, akaipanga nyuma kati ya unga na miguu ya abiria, akaikazia kamba mara mbili.